Mtu wa Karamu

Nianze kwa kuungama upumbavu wangu, kwa kuwa wasomaji wa safu hii wamenizoea hivyo. Jumatano asubuhi nilikuwa nimeketi mlangoni pangu hapa Ruiru, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, shati halijafungwa vifungo, nikinywa chai ya pili na kujiambia kwamba dunia yote iliyo ng'ambo ya ua wangu inaweza kuendelea bila msaada wangu. Jirani yangu, mama mjane ambaye ukuta wake ndio ukuta wangu, akaja akasimama mbele ya beseni, leso imekazwa kiunoni. Akasema, "Karani, yure mama wa Gitothua amerara." Nami, badala ya kuuliza ni lini, au alipatwa na nini, au hata kutoa mguu majini kwa heshima, nilimjibu, "Sema amelala, mama. A-me-la-la." Akasema polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa wa homa, "Amerara ya kutoamka, Karani." Hapo ndipo kikombe kilipotumbukia ndani ya beseni.

Niwaeleze mambo yalivyo, ili mkicheka mjue mnachokicheka. Mimi nimetoka magharibi. Nilikuja huku kutafuta kazi ya ukarani nikiwa na suti moja na cheti cha sekondari, na cheti hicho mpaka leo kimetundikwa juu ya kitanda changu, mahali ambapo Wakristo wengine hutundika picha ya Mwokozi. Majirani zangu, ambao lugha yao ya nyumbani ni Kikuyu, herufi l hawana haja nayo. Wanaweka r, na maisha yanaendelea. Mlango ni mrango, lori ni rori. Kwa miaka mingi nimejipa kazi ya kuwasahihisha, bila mshahara na bila kuombwa. Leo sitamsahihisha mtu. Kila neno lao nitaliweka hapa kama lilivyotoka kinywani mwa mwenyewe, kwa sababu kusahihisha ndiko kulikomharibia maisha mama huyu tuliyemzika Ijumaa, kukamharibia na mwanamume mmoja asiye na kosa, na aliyesahihisha ni mimi.

Miaka michache nyuma, Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ikiwa imetukaba koo, nilikuwa karani wa stoo katika shamba moja la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Wanawake wachumaji walikaa katika kijiji kilichozungushiwa handaki na ua wa miti iliyochongwa ncha. Hakuna aliyetoka humo bila kikaratasi cha ruhusa. Kama mama yako amekufa, ulikwenda kwanza dirishani kuomba kikaratasi, ndipo ukalie. Kikaratasi kiliandikwa na mwenzangu, karani wa ruhusa, mtu wa viatu vinavyong'aa na kalamu ya wino yenye kishikizo cha rangi ya dhahabu, ambayo haikutoka mfukoni mwa shati lake ila wakati wa kuandika. Ofisi zetu zilikuwa ubavu kwa ubavu. Tulikunywa chai pamoja saa nne kila siku. Yeye alikuwa hodari wa hadithi, mimi hodari wa kucheka, na kama mngeniuliza wakati ule ni nani rafiki yangu katika shamba lile, ningemtaja yeye.

Msichana mmoja mchumaji alipata ruhusa ya kwenda Ngoliba kumwona dada yake aliyejifungua. Saa tisa mchana, jua kali, katika njia ya mkato inayopita kati ya mistari ya kahawa, mtu alimjia kwa nyuma akamfunika gunia kichwani, akampiga mpaka akaanguka, akamwacha mferejini. Msichana alisema amejikwaa. Wiki tatu baadaye, njia ile ile, gunia lile lile la kahawa, mtu akamjia mama yetu huyu. Alikuwa anakwenda kumjulia hali shemeji yake mgonjwa. Yeye hakusema amejikwaa. Aliinuka, akalivua gunia, akalikunja, akaliweka mkononi kama mtu anayerudisha mali ya wenyewe, akatembea moja kwa moja hadi kituo cha polisi, taya limevimba, akasema anataka kuandikwa.

Sajenti wa kituo alikuwa mtu wa kuandika kwa shida, kwa hiyo alikuwa na desturi ya kuniita mimi. Nami nilikwenda kwa furaha, nakiri. Katika wilaya nzima hapakuwa na mtu aliyeandika Kiswahili kwa mwandiko mzuri kama wangu, na aliyetilia shaka nilimwonyesha. Mama aliketi juu ya benchi, mgongo umegusa ukuta. Sajenti akasema, "Muulize alikuwa mrefu au mfupi."

"Sikumuona urefu," mama akajibu mwenyewe. "Nirikuwa ndani ya gunia."

"Basi muulize amemjuaje."

"Gunia rina matundu. Niriona hapa." Akajigonga kifuani kwa kidole, upande wa kushoto, mara mbili. "Ni mtu wa karamu."

"Mtu wa nini?" sajenti akauliza.

"Karamu! Mtu wa karamu!" Akajigonga tena kifuani, pale pale.

Wasomaji wangu mmekwisha kuelewa, najua. Mtoto wa darasa la pili angeelewa. Lakini mwenye cheti cha sekondari alikuwa ameshika kalamu mkononi na akili yake imekwenda kwenye sherehe. Siku ile ile, Jumamosi, watu wetu wa magharibi walikuwa na harusi katika kambi ya wafanyakazi, ngoma ilisikika mpaka stesheni. Mtu wa karamu! Kidole cha kifuani nikakidhania ni madoa ya pombe kwenye shati la mlevi. Na sentensi yake nikaiona ni ya kishamba, haina umbo, basi nikaitengeneza. Niliandika hivi, nakumbuka kila herufi: "Mshambuliaji alikuwa mtu aliyetoka karamuni, jambo ambalo mlalamikaji alilitambua kwa hali ya shati lake." Niliipenda sana sentensi hiyo. Nilimpa sajenti aitazame, kama vile mtu anavyoonyesha picha ya mwanawe.

Sheria inataka maneno yasomwe mbele ya mwenyewe kabla hajaweka kidole. Niliyasoma, kwa sauti ya kanisani. Nilipofika "aliyetoka karamuni" mama aliinua kichwa, macho yakamng'aa, akasema, "Ee! Huko huko. Karamuni." Akaweka kidole gumba kwenye wino, akakibandika. Mimi nilisikia sherehe. Yeye alisikia mahali pa kalamu, ofisi ya makarani, mlango wa pili kutoka mlango wa stoo yangu. Tulikubaliana kabisa, mimi na yeye, juu ya neno moja, na kila mmoja alikuwa na lake.

Polisi walikwenda kambini wakauliza ni nani aliyeondoka kwenye harusi mchana ule. Mpishi wa harusi aliondoka kuongeza kuni, alipita njia ile ya kahawa, alirudi na mikwaruzo ya miiba mikononi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, wa kwetu kabisa, aliyewahi kunichagulia paja la kuku katika karamu zaidi ya moja. Alichukuliwa akiwa na aproni yake. Mbele ya hakimu karatasi yangu ilisomwa, na ilisomeka vizuri mno. Mama alipofikiwa aliulizwa jambo moja tu, kama kidole ni chake. Akasema ni chake. Aliposema mtu huyu siye, aliambiwa anaogopa, asiogope, akae chini. Mpishi akafungwa mwaka mmoja na nusu. Mke wake na watoto wakatolewa kambini siku ya pili, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya mfanyakazi na mfanyakazi hayupo.

Na kabla hata kesi haijakwisha, mpishi akiwa bado rumande, mwanamke wa tatu alifunikwa gunia. Njia ile ile. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa anakwenda mazishini, na tangu siku hiyo sikio lake la kulia halisikii. Sajenti alisema ni mtu mwingine aliyeiga. Tuliambizana hivyo saa nne, tukinywa chai, mimi na karani wa ruhusa. Alitikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema dunia imeharibika. Nikakubali kwamba imeharibika, nikamwongezea sukari.

Niligundua kwa sababu ya penseli. Mama alikuja dirishani pa stoo kupewa jembe jipya. Wenzake walikuwa wakibeba magunia kichwani, yeye alisimama mbali nayo, mgongo kwenye ukuta wa mbao. Nilikwisha kusikia kwamba hagusi gunia tena, mahindi yake huyabeba kwenye kiondo. Alipokaribia dirisha nikainuka kumpa jembe, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ondoa hiyo karamu," akasema.

"Karamu gani, mama?" Nikacheka. "Hapa hajachinjwa hata kuku."

"Hiyo. Iko sikioni."

Nikapeleka mkono sikioni. Ilikuwa penseli yangu. "Hii ni kalamu," nikamwambia. Hata hapo, wasomaji, hata hapo nilisahihisha.

"Ee. Karamu." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua lugha. "Kwani siku ire nirisema nini?"

Jembe lilikuwa bado mkononi mwangu. Upande wa pili wa ukuta karani wa ruhusa alikuwa anapiga mluzi. Mama akasogea kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Nirikuambia ni mtu wa karamu. Ukaandika. Ukanisomea. Nikaweka kidore. Harafu mkamshika mpishi. Mpishi ana karamu ya nini? Hajui hata kusoma! Nirifikiri nyinyi mnajua kitu mimi sijui."

Nyinyi mnajua kitu mimi sijui. Nimepigwa maneno mengi maishani, hasa na jirani yangu, lakini hilo ndilo ambalo bado linanikaa kama mfupa wa samaki. Mwanamke aliyeona kwa macho yake, kupitia matundu ya gunia, alidhani sisi wa ofisini tunajua zaidi yake. Ndiyo heshima tuliyopewa bure, na ndivyo tulivyoitumia.

Na kumbe alikuwa amekwisha kufanya kazi ya polisi wote. Alikuwa amekwenda kwa yule msichana aliyesema amejikwaa, akaketi naye mpaka akasema kweli. Alikwenda kwa bibi wa sikio. Hakuwauliza kama mtu alikuwa mrefu au mfupi. Aliwauliza, "Ni nani arijua utapita pare?" Wote wawili walijibu sawa, na jibu lake mwenyewe lilikuwa hilo hilo. Siku moja kabla walikuwa wamesimama dirishani kuomba ruhusa, na karani aliwauliza unakwenda wapi, utapita njia gani, utaondoka saa ngapi, akaandika majibu yote kwa kalamu ya kishikizo cha dhahabu. Hilo lilikuwa swali moja. Mwanamke asiyejua kusoma aliliuliza, na kituo kizima chenye makabati ya mafaili hakikuliuliza, kwa sababu jibu lake lingewarudisha kwenye ofisi zao wenyewe. Nina hasira ninapoandika haya. Nina hasira na sajenti, na hakimu aliyemwambia mtu asiogope akae chini, na ile serikali ya vikaratasi iliyomlazimisha mwanamke amwambie mwanamume mmoja saa na njia atakayopita peke yake, kisha ikashangaa kwamba amepigwa njiani. Lakini hasira hiyo ni rahisi, wote hao wako mbali. Ile nyingine, ninayolala nayo kitanda kimoja chini ya cheti, ndiyo ngumu.

Maana nilikwenda kituoni. Msije mkasema sikwenda. Nilikwenda mara moja, nikamwambia sajenti neno limekosewa, ni kalamu, si karamu. Aliitoa karatasi, akaitandika mezani, akaweka kidole chake kinene juu ya mwandiko wangu. "Huu ni mwandiko wa nani?" Nikasema ni wangu. "Ulimsomea mwenyewe?" Nikasema nilimsomea. "Akakubali?" Akakubali. "Basi unataka niandike kwamba wewe ulidanganya sirikali, ukamfunga mtu? Nikiandika hivyo, leo utalala hapa." Kisha akanitazama kwa wema kabisa na kusema, "Nenda nyumbani, Karani." Nami, ambaye kati ya amri zote za dunia hiyo ndiyo ninayoitii upesi zaidi, nilikwenda nyumbani.

Haikuishia hapo. Minong'ono ya wanawake ilimfikia meneja, na meneja hakutaka kelele wakati wa mavuno. Karani wa ruhusa akahamishiwa shamba jingine, ng'ambo ya Thika. Hakufukuzwa. Alihamishwa akiwa na barua ya sifa: mwaminifu, mpole, hodari wa kazi. Meneja alitunga maneno, akataka yanakiliwe kwa mwandiko mzuri. Mnajua mwandiko mzuri ulikuwa wa nani. Sikukataa. Niliuliza tu kama "mpole" ije kabla ya "hodari" au baada yake. Aliponiaga tulishikana mikono, na mashambulizi kwetu yakakoma. Kama yalianza huko alikokwenda, sijui. Sikuuliza, na kutouliza kwangu kulikuwa kwa makusudi.

Mama yeye alibaki na kidole chake. Wanawake wa magharibi, ndugu na marafiki wa mke wa mpishi, walimwita "yule aliyemfunga mtu wa watu". Akifika bombani walihamisha ndoo zao. Hakuwaeleza kwamba kosa ni la karani. Aliniambia mwenyewe kwamba hataki kumtupia mtu mzigo kabla mtu huyo hajaubeba mwenyewe, na alinipa nafasi ya kuubeba. Alipohamia Gitothua alisuka viondo na kuviuza, na kila tulipokutana sokoni Ruiru, kabla ya habari ya watoto, kabla ya habari ya mvua, aliuliza swali moja: "Karani, rire neno umeritoa?" Nami nilimjibu, "Bado kidogo, mama." Hakutaka kitu kingine kwangu. Hakutaka pole. Wakati mmoja nilimpelekea kilo mbili za sukari, akazirudisha na ujumbe kwamba sukari haina herufi. Alitaka karatasi ile isomeke kama alivyosema, na mpishi na watu wake wajue kwamba hakumtaja. Basi. Mwezi uliopita tulikutana tena, alikuwa amekonda, anakohoa ndani ya leso. Akauliza swali lake, nikatoa jibu langu. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Bado yako," akasema, "ni ndefu kuriko barabara ya Nairobi."

Nimemsikia mtu akisema kwamba mambo yale yamepita, wanawake wale walipona. Nitamwambia jinsi walivyopona. Mara moja kila baada ya mavuno mama alisafiri hadi Ngoliba, ambako yule msichana alibaki kwa dada yake na hajarudi, na bibi wa sikio naye alikwenda. Niliwaona siku moja nilipopelekwa huko kwa shughuli za shamba. Walikuwa wameketi uani juu ya vigoda vitatu, wanapukuchua mahindi. Hawakuketi kwa duara kama wanawake wanavyoketi. Kila mmoja alikuwa amejipanga ili aone nyuma ya mwenzake. Bibi alimtazamia msichana, msichana alimtazamia mama, mama alimtazamia bibi, na mikono inafanya kazi, na mazungumzo yanaendelea, na vichekesho vipo. Nilipokuja kwa upande wa nyuma ya bibi, mama aliniona kabla sijatoa kikohozi, akasema bila kuinua sauti, "Ni karani tu." Wote wakalegea mabega. Ni karani tu! Na aliyewapiga alikuwa karani. Alinihurumia hata katika hilo.

Kanisani aliketi benchi la mwisho, mgongo ukutani, na mhubiri wetu alizoea kuwakemea wa nyuma kwamba wako karibu na mlango wa kutokea kuliko mlango wa mbinguni. Mhubiri huyo huyo ndiye aliyesoma habari za maisha yake siku ya Ijumaa, kaburini. Jamaa zake waliniomba mimi niziandike, kwa ajili ya mwandiko, na niliziandika, na chini nikaweka habari ya neno lile, yote, na jina langu. Mhubiri alizipitia kabla ya ibada, akaniambia kwamba mazishini hatuleti mashauri ya polisi, akaukata ule mwisho kwa penseli. Kisha akasoma kwamba marehemu alikuwa mpole, mvumilivu, na mwenye kunyamaza.

Mwenye kunyamaza! Nilikuwa nimesimama pale nimeshika kofia, na wanawake wa magharibi wachache waliokuja walikuwa nyuma yangu. Nafasi ilikuwepo. Ningeweza kusema, mhubiri, hukuelewa, mwanamke huyu hakunyamaza hata siku moja. Alisema siku ile ile, na taya limevimba. Alisema mara tatu katika pumzi moja na kujigonga kifuani. Alisema mbele ya hakimu. Alisema dirishani pa stoo, alisema sokoni miaka yote. Sisi ndio tulioziba masikio kwa karatasi, na sasa tunamzika tukimsifu kwa ububu wetu. Maneno hayo yote yalikuwa tayari mdomoni. Nikaangalia chini, nikaona viatu vyangu vina tope, nikafikiri juu ya beseni langu la maji ya moto. Nikatupa konzi ya udongo kama wengine, nikaenda nyumbani.

Kwa hiyo nayasema hapa, mahali ambapo mhubiri hana penseli. Mama wa Gitothua alisema kalamu. Hakumtaja mpishi, wala hakutaja harusi. Aliyeandika karamu ni mimi, na mpishi alifungwa kwa sentensi yangu nzuri, na mwenye kosa alihama na sifa zangu mfukoni, karibu na kalamu yake. Ninyi mnaoandika maneno ya watu wengine, makarani, wakalimani, walimu, wazee wa kanisa, na siku hizi mko wengi, kila shamba na kila mahakama, nawaomba jambo moja dogo. Mtu akisema neno lisiloingia katika sentensi yenu, liacheni lilivyo, kisha muulizeni anamaanisha nini, na kama anajigonga kifuani, tazameni kidole chake kinaonyesha wapi. Ni swali la muda wa kunywa funda moja la chai. Mimi sikuliuliza, na watu wawili wamelilipia kwa maisha yao. Kiswahili changu kilikuwa safi siku ile, na usafi wenyewe ndio uliowaharibia.

Nilipomaliza kuandika nilijisikia nimeutua mzigo, nikamwita jirani yangu nimsomee. Alikuwa anachambua maharagwe uani. Alisikiliza yote bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuwe majirani, na nilipofika mwisho aliuliza mpishi yuko wapi siku hizi. Nikamwambia alitoka jela akarudi kwao magharibi, mwendo wa asubuhi moja kutoka stesheni ninayoshukia nikienda kwetu, ingawa miaka mingi sijaenda. Akaokota jiwe katika maharagwe, akalitupa, akaniambia: "Kwani mpishi anasoma gazeti? Panda gari moshi, Karani, ukamwambie kwa mdomo, na hiyo karamu yako uiache hapa."